Flashi Tatu za Mwalimu Sifaeli

Eveline aliaga kwamba anakwenda Mbeya miezi mitatu. Mitatu tu, alisema hivyo mbele ya majirani na mbele ya mchungaji, akakunja kanga zake kwenye begi, akapanda basi la asubuhi. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu aondoke, na mumewe, Mwalimu Sifaeli, bado alikuwa anajipikia chai katika nyumba yao ya Kihesa, Iringa, chai ambayo hata yeye mwenyewe alikiri haikuwa chai.

Msimwonee huruma haraka. Alijitakia, au nusu yake alijitakia. Mwanamume aliyefundisha kilimo sekondari miaka thelathini na nne, aliyekemea watoto wa watu mpaka sauti ikasikika barabarani, alishindwa kutamka neno moja kwenye simu: rudi. Kila jioni alimpigia mkewe. Aliuliza mjukuu anaendeleaje, mvua imenyesha huko, Amos anarudi lini kutoka Madibira. Kisha anasema haya, wasalimie wote, anakata. Dakika tatu, zikizidi nne. Baada ya hapo anabaki amekaa na simu mkononi, moyo unamuuma kama mtu aliyekosa basi.

Angesemaje? Amos, mtoto wao wa pekee, alikuwa na kazi kwenye skimu ya mpunga Madibira, na Uyole, pembeni mwa Mbeya, kwa mkewe alifika Jumamosi kwa Jumamosi. Huyo mkewe, Lea, alijifungua kwa upasuaji, mtoto akaja njiti, kidogo hata kumshika uliogopa. Mama mzazi wa Lea alishafariki siku nyingi. Basi nani aende, kama si Eveline? Likizo ya uzazi ikaisha, Lea akarudi kufundisha chuoni kwake, na mtoto, jina lake Obeid, akabaki mikononi mwa bibi. Sasa mzee mzima amwite mkewe amwache mtoto wa namna hiyo kwa sababu chai ya nyumbani haina ladha? Wangemcheka hadi kwao Rungwe.

Najua mtu atauliza, kwa nini asiende yeye. Iringa na Mbeya ni siku moja tu, na nauli alikuwa nayo. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wenyewe. Kwao Sifaeli, kwa desturi ya wazee wa Rungwe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hawali pamoja, hawasemeshani, na njia moja hawapiti. Utotoni alimwona mama yake akikatiza kuingia migombani, mtungi wa maji uko kichwani, kwa sababu tu baba mkwe ametokeza mbele. Alichuchumaa humo mpaka mzee akapita, na tone la maji halikumwagika. Siku hizi vijana wengi wa Rungwe wameiacha desturi hiyo, wanakula meza moja na wakwe zao na mbingu haijaanguka. Sifaeli hakuiacha. Aliona kuiacha ni kusema mama yake alichuchumaa migombani bure.

Basi miaka mitano tangu Amos aoe, hakuwahi kumwona mkwewe usoni, wala kuisikia sauti yake. Siku ya harusi alikaa kanisani nyuma ya nguzo. Walipokuja kwa Krismasi alikohoa kila alipokaribia mlango wa jikoni, akangoja mpaka asikie wa uani unafungwa. Hata picha za mjukuu zilizotumwa kwenye simu zilikuja zimekatwa pembeni: unamwona Obeid na macho yake makubwa, na mkono wa mama umemshika, huyo mama mwenyewe hayupo. Simu ya video ndiyo usiseme. Kama mkwe angepita nyuma ya Eveline na ndoo, ingekuwaje?

Kwa hiyo hakwenda, hakuita, na alitamani. Ndivyo alivyoishi mpaka kompyuta ilipomwokoa, au tuseme ilipomchelewesha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Eveline. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kanisa maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani, akaiweka sebuleni, akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, na kadi za michango ya harusi. Kihesa nzima ilijua kwa Mama Amos. Tangu aondoke ilifunikwa na kitambaa chake cha kufuma, na kila Jumamosi Sifaeli alikifunua, akaiwasha, akaitazama nusu saa bila kugusa kitu, akaizima. Ukimuuliza angekwambia anaipasha moto isiharibike. Ukweli ni kwamba hicho ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa bado na vidole vya mkewe, maana vyombo alishavivuruga vyote.

Jumamosi moja ya mwezi huo wa kumi na moja mashine ikamwandikia ujumbe kwamba Windows yake imefika mwisho, haitalindwa tena, na toleo jipya haliwezi kuwekwa kwenye mashine ya namna hiyo. Sifaeli alisoma mara tatu. Alichoelewa ni kimoja: Eveline atarudi akute kompyuta yake imefia mikononi mwake. Akaifunga kwa blanketi, akaita bajaji, akaipeleka mjini Miyomboni kwa Nasrin.

Nasrin binti Makame alikuwa na duka dogo la kutengeneza kompyuta, dirisha limejaa nyaya na betri. Babu yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa, akaona baridi ya Iringa, akalalamika, akabaki. Huyu mjukuu alirithi ulimi wa babu. Alimwamkia shikamoo mwalimu, akasikiliza habari za msiba, akaiwasha ile mashine na kucheka. Akasema haijafa kitu hapo. Kilichozeeka ni mfumo wake, mwili bado una nguvu. Kama ni mteja mwingine angempigia Windows nyingine ya magendo, yakaisha, lakini hilo yeye ameliacha, linaleta virusi na lawama. Ipo mifumo huria, akamweleza. Inatengenezwa na watu duniani kote, wanaiweka wazi, ukitaka unaichukua, unamnakilia jirani, na ukijua kazi hiyo unaifungua ndani uone ilivyoshonwa. Hakuna wa kukukamata, na huilipii.

Sifaeli aliona shaka. Katika maisha yake, kitu cha bure alichowahi kupewa na watu wa mbali ni mbegu za mahindi ambazo hazikuota.

"Nani ataitumia?" Nasrin akauliza.

"Mke wangu."

"Na mfumo wa aina hii amewahi kuushika?"

Hajawahi, akajibu Sifaeli. Basi, akasema Nasrin, tunatafuta wa watu wanaoanza, usiomsumbua mtu. Akafungua droo, akatoa flashi tatu, akazibandika karatasi kila moja na jina lake: Ubuntu, Mint, Zorin. Akamwonyesha polepole, kwa subira ambayo sura yake haikuahidi. Unachomeka flashi, unawasha, mashine inaamkia kwenye flashi, unautumia mfumo kama umeshauweka, na kilichomo ndani ya kompyuta hakiguswi. Umeridhika, unaniambia, ninauweka moja kwa moja, na kabla ya hapo nanakili kazi zote za mama zikae salama. Ila ujue jambo moja, mwalimu: kwa namna hii ya kujaribu, chochote utakachoandika humo, ukizima kimekwenda. Kesho inaamka haikumbuki kitu.

"Chukua wiki moja," alisema. "Wiki inatosha hata kwa anayesitasita."

Jioni ile Sifaeli alimpigia mkewe kama kawaida, ila safari hii alikuwa na neno. Akamwambia, Mama Amos, kompyuta yako inataka mfumo mpya, na ipo mitatu, nichague upi? Akaeleza alivyoelezwa. Eveline akauliza, naye akajibu. Akauliza na yeye, Eveline akamwambia ngoja kidogo, kimya, kisha akarudi na jibu. Walipomaliza Sifaeli alitazama simu. Dakika kumi na tisa. Hawakuwahi kuongea dakika kumi na tisa tangu aondoke, na sijui kama hata walipokuwa wakikaa nyumba moja waliwahi.

Mtu mwenye njaa akionja, mnamjua. Kesho yake akapiga tena na maswali manne aliyoyaandika kwenye daftari. Kitufe cha kuzimia kiko wapi katika Ubuntu, maana hakukiona? Barua za zamani za Eveline zitafunguka? Maandishi yanaweza kukuzwa, kwa macho yao ya uzeeni? Na ukichomeka flashi ukaacha wazi hadi jioni, umeme unakwenda sana? Kila swali, Eveline alisema ngoja kidogo, akanyamaza, akaja na jibu lililonyooka. Sifaeli alistaajabu. Mke wake alikuwa amekwenda Mbeya mpiga chapa, na huko amekuwa mtaalamu! Alijivunia, na katika kujivunia akazidi kumtamani, kwa sababu huyo Eveline mpya yeye hakuwa amemwona bado.

Akagundua jambo lingine, na hapa ndipo mwalimu wetu alipoharibikiwa: siku atakayochagua, maswali yataisha. Watarudi kwenye mvua na salamu. Basi akaacha kuchagua. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Ubuntu akaitia kasoro kwamba vialama vyake vimesimama pembeni kushoto, na Eveline amezoea vya chini. Zorin ilifanana sana na ile ya zamani, nzuri, haina shida, akasema rangi yake imepoa. Mint ndiyo iliyomtesa. Menyu yake ilikuwa pale pale chini kushoto mahali ambapo mkono wa mpiga chapa ungeitafuta, programu ya kuandikia ilikuwa imo tayari, mashine haikuhema hata kidogo. Alitafuta kosa siku tano akalikosa. Akamwambia Nasrin bado anaichunguza.

Nasrin alikuwa na wateja wengine wanaozitaka flashi. Wiki ya tatu mwalimu alipopita dukani kuomba muda, binti aliweka bisibisi chini akamtazama.

"Mwalimu, unachagua mfumo au unachagua mchumba? Maana hata mahari hapa hakuna."

Sifaeli alicheka, na fundi mwingine aliyekuwa nyuma akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi Kihesa hakucheka tena. Mtoto wa kike wa Makame, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, amemsoma kwa dakika moja, na yeye alidhani amejificha.

Wiki ya nne akauliza kuhusu printa. Printa ya Eveline ilikuwa ya zamani, je, mifumo hii itaitambua? Eveline akasema ngoja kidogo. Safari hii hakuifunika simu vizuri. Sifaeli akasikia mnong'ono, mtoto akigonga kitu kwenye sufuria, kisha Eveline akimuuliza mtu mwingine kwa sauti ya chini, umesema nimwambie aandike namba iliyoko nyuma?

Akauliza, unamuuliza nani?

"Baba Amos," Eveline akasema, "mimi nilipiga chapa. Haya mambo ningeyajulia wapi? Mkweo anafundisha kompyuta chuoni. Unayoniuliza mimi namuuliza yeye, na yote niliyokujibu ni yake."

Sifaeli aliweka kalamu juu ya daftari. Alijua mkwewe ni mwalimu wa chuo. Somo gani, hakuuliza, kwa sababu kumuulizia sana ni kama kumsogelea. Na kumbe mwezi mzima walikuwa wanaongea! Kwa desturi hapakuwa na kosa, maana Eveline alisimama katikati na kila neno lilipita kinywani mwake. Hata hivyo alijisikia ameingia ua wa mtu bila hodi. Akafikiria kukata simu. Akafikiria pia kwamba mtu huyo, baada ya kutwa nzima ya wanafunzi, mtoto mgongoni, alikuwa akisimama jikoni kujibu maswali ya mzee mmoja kuhusu kitufe cha kuzimia.

Akamwomba Eveline amuulize kama hachoki.

Ngoja kidogo. "Anasema hapana. Anasema unauliza vizuri."

Jamani, mwambie mwalimu mstaafu kwamba anauliza vizuri. Sifaeli alitoka nje, akazunguka nyumba mara mbili bila sababu, akarudi ndani. Mwanafunzi wake bora hakuwahi kumfurahisha namna ile. Kuanzia siku hiyo maswali yake akayapanga upya, ya maana yakatangulia, na akafuta yote aliyoyaona ya kipuuzi, asije akamvunjia mtu heshima.

Ila lile neno moja lilibaki kooni. Alasiri moja mvua ilipiga bati hadi redio haisikiki. Akachomeka flashi ya Mint, akafungua ukurasa wa kuandikia, na kwa vidole viwili, akitafuta herufi moja moja, akaandika: Mke wangu Eveline. Akaona ameanza vizuri. Akaendelea. Nyumba imekuwa kubwa. Nikiamka nakusogezea blanketi, halafu naona hupo. Mti wako wa parachichi umezaa nikaokota peke yangu nikagawa. Sijui kupika chai. Rudi.

Akaisoma. Akaona aibu peke yake pale sebuleni, masikio yakawaka moto. Akafunga, mashine ikamuuliza kama aihifadhi barua, akabonyeza hapana, akazima. Mashine ikasahau, yeye akapumua. Kesho yake akaandika tena, ndefu zaidi. Siku ya tatu aliandika juu ya siku ya uchumba wao, jinsi alivyojidai kuangalia maua ya kahawa kumbe anamwangalia yeye. Siku ya nne akaandika kwamba anamwonea wivu mjukuu wake, mtoto wa mwaka mmoja, kwa kuwa analala mgongoni mwa Eveline, na kwamba Mungu amsamehe. Zote alizifuta. Kila alipozima alijiambia kesho nitamtamkia. Na kila kesho jioni ilifika wakaongea juu ya printa.

Nasrin ndiye aliyekata mzizi. Alipiga simu Jumatano akasema Ijumaa anataka flashi zake, zote tatu, na jina la mfumo mmoja. Asipochagua yeye atamchagulia, na mama akirudi akauchukia watajuana wenyewe. Akaongeza kwa upole kidogo, mficha maradhi kifo humuumbua, mwalimu. Kisha akakata kabla hajaulizwa anamaanisha nini.

Alhamisi jioni Sifaeli alikaa mbele ya kompyuta, akapiga simu. Alikuwa amejipanga. Hatauliza lolote la vitufe. Atauliza kitu kimoja ambacho ndani yake lile neno litajipenyeza lenyewe.

"Mama Amos," akasema, "kesho ndiyo mwisho. Wewe ukirudi, ungependa ukute upi?"

Eveline hakusema ngoja kidogo. Safari hii hakumuuliza mtu.

"Chagua Mint," akasema.

"Kwa nini?"

"Mkweo anasema ndiyo rahisi kwa anayeanza akiwa peke yake. Ikikwama utaweza mwenyewe, hutahitaji mtu wa kukuonyesha."

"Anayeanza ni nani? Si wewe utakayeitumia?"

"Baba Amos." Sauti yake ilishuka. "Sisi tulidhani unatafuta ya kwako."

Hapo ndipo Sifaeli alipoelewa, na alielewa yote kwa mara moja. Mwezi mzima alikuwa akitafuta mfumo ambao mkewe atauzoea upesi akirudi. Na mwezi mzima huko Uyole watu wawili walikuwa wakimtafutia mfumo utakaofaa mzee anayeishi peke yake. Walimuuliza kama macho yanaona vizuri. Walimuuliza kama anajua kuhifadhi. Alidhani wanamjali mtumiaji, na kumbe mtumiaji ni yeye.

Eveline akamweleza, kwa utaratibu, kwa sauti ya mtu aliyeyabeba maneno siku nyingi akikosa pa kuyatua. Kazi ya Amos Madibira imeongezwa miaka miwili. Kifua cha mtoto bado si kizima. Akipigwa na baridi kidogo wanashinda hospitali, na daktari ameonya asiachwe na msichana wa kazi asiyejua dalili. Lea hawezi kuacha ajira. Alitaka kumwambia tangu mwezi wa tisa, kila akipigiwa simu anaona atamwambia kesho. Halafu yakaja maswali ya kompyuta, akafurahi, akasema afadhali Baba Amos amepata kitu cha kumshughulisha.

Miaka miwili. Sifaeli alikuwa na miaka sitini na nane. Alifanya hesabu hiyo haraka, akaichukia.

Nje jirani alikuwa akiita kuku. Mbele yake ile Mint ilikuwa inawaka, safi, haina kosa. Na kabla hajajizuia, maneno yakawa yameshatoka.

"Sitaki iliyo rahisi kwa mtu wa peke yake," alisema. "Nimechoka kuwa peke yangu, Eveline. Hii kompyuta nimeizungusha mwezi mzima ili nikusikie. Nimekukumbuka mpaka naona aibu."

Hakumwita Eveline tangu Amos azaliwe. Upande wa pili pumzi ilikuwa inakatika, na Sifaeli akajua mkewe analia. Naye machozi yakamtoka, mzee wa kanisa, akayaacha yashuke.

"Miaka arobaini na moja," Eveline akasema, "leo ndiyo unasema." Akapenga kamasi. "Mimi siwezi kumwacha mtoto huyu. Njoo wewe."

"Nije wapi? Nyumba ya vyumba vitatu, mlango mmoja. Mkwe atapita wapi? Atakula wapi? Nimfukuze kwake mwenyewe?"

"Muulize."

"Nimuulize nani?"

"Simu iko kwenye spika tangu mwanzo, Baba Amos. Amesikia yote."

Sifaeli aliruka kutoka kitini. Amesikia yote! Ya upweke, ya aibu, jina la mama mkwe wake likitajwa hivyo wazi. Akaitoa simu sikioni, kidole kikaenda kwenye kitufe chekundu. Ndivyo desturi ilivyotaka, akate, na kesho Eveline atafute namna ya kuyafunika. Angekata. Alikuwa anakata kabisa.

"Baba."

Haikuwa sauti ya Eveline. Ilikuwa ya mwanamke kijana, nzito kidogo, inatetemeka, na ilikuwa na lafudhi ya Rungwe, ile ya nyumbani kabisa, ambayo Sifaeli hakuwa ameisikia kinywani mwa mwanamke tangu wamzike mama yake. Kidole kilibaki hewani.

"Baba, chumbani kwa Obeid pana meza," Lea akasema. "Kompyuta itakaa. Na wewe utakaa."

Alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kulifanya, na huko Uyole, jikoni, pengine alikuwa ameshika ukingo wa kitu akingoja kuona kama ameharibu.

Sifaeli alisimama katikati ya sebule. Alimfikiria mama yake migombani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama yule mzee aliyekuwa akipita njiani aliwahi kutamani kumwambia inuka mwanangu, mtungi ni mzito. Akaketi. Akairudisha simu sikioni. Akakohoa, akatafuta neno la kumwambia mkwewe, la kwanza katika miaka mitano, akapata hilo hilo alilokuwa nalo.

"Meza hiyo ina upana gani, mwanangu?"